Shangazi, mume wangu askari alikamatwa na nyama ya kiboko. Sasa wanataka niseme magunia ni yangu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mke wa askari polisi, koplo. Tuna watoto watatu, tunakaa kambini katika mji mmoja wa magharibi, kando ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, hapa Uganda. Mimi na mume wangu ni wa makabila mbalimbali, kambi ndiyo iliyotukutanisha, na watoto wetu wamezaliwa na Kiswahili mdomoni. Ndiyo maana nakuandikia wewe. Huku nyumbani sina wa kumwambia.

Wiki tatu zilizopita, alfajiri, askari wa wanyamapori walimsimamisha mume wangu barabarani. Alikuwa na gari la kuazima, nyuma amepakia magunia sita ya mkaa. Mkaa wenyewe ulikuwa wa juu tu, kina cha shubiri moja. Chini yake kulikuwa na nyama ya kiboko, imekatwakatwa na kufungwa kwenye kaveera, mifuko ya plastiki, nyeusi. Kijana wa bodaboda alikuwa ametangulia mbele kuangalia kama njia ni nyeupe, naye akakamatwa. Kijana huyo namjua, ana miaka 20. Ndiye aliyekuwa akimpeleka Isa wangu shuleni, na siku za mvua alikuwa anavua koti lake anamfunika mtoto. Koti lenyewe liko hapa kwenye msumari, mvua ya mwisho alilisahau kwetu.

Mume wangu alitolewa kwa dhamana. Kijana yuko rumande mpaka leo, kwao hakupatikana wa kumdhamini.

Kufika saa mbili asubuhi ya siku ile mji mzima ulikuwa unajua. Redio ikafungua simu, watu wakapiga mpaka saa sita. Nilizima ya kwangu, lakini nyumba zetu ni za mabati, redio ya jirani unaisikia kama iko kitandani mwako. Mmoja alisema askari akiwa jangili afungwe mara mbili ya raia. Mwingine akasema achomwe. Mama mmoja akasema huyo ametolewa kafara tu, wakubwa wamekula wakapangusa midomo. Hayo yote niliyastahimili. Aliyenivunja ni mzee aliyesema polepole kwamba mwanawe alikutwa na swala mmoja kwenye mtego wa waya, akafungwa, na mkono uliomtia pingu ni wa askari huyu huyu. Akasema, "Sina la kuongeza," akakata simu. Shangazi, siku hiyo naikumbuka. Mume wangu alirudi jioni akatusimulia kwa fahari kwamba wamekamata jangili, na Isa akampigia saluti.

Sokoni mama anayeniuzia samaki wa ngege tangu nina mimba ya kwanza aliniona nakuja, akavuta jani la mgomba akafunika karai lake. Hakunitukana. Alifunika tu, akatazama pembeni. Shuleni Isa anaitwa Kiboko, wanamuuliza leo kwenye mkoba amebeba mguu au mkia.

Sasa jambo lenyewe. Mama mkwe amekuja kutoka kijijini pamoja na shemeji yangu mkubwa, wakanikalisha chini. Wanataka niandike maelezo kwamba magunia yale ni yangu, kwa kuwa ni kweli nauza mkaa kidogo kidogo mlangoni. Niseme nilimwagiza yule kijana mkaa, yeye akaficha nyama ndani bila mimi wala mume wangu kujua. Wanasema mama mwenye mtoto anayenyonya hakimu hawezi kumfunga. Wanasema kijana hana mke wala mtoto, akikaa miaka miwili mitatu atatoka aendelee na maisha. Mume wangu alikuwa amekaa pale pale, anatazama sakafu. Hakusema nifanye, hakusema nisifanye.

Na mimi si msafi. Tuna friza tuliyonunua mwaka jana, na mshahara wa koplo naujua hadi shilingi ya mwisho. Kuna siku aliniambia nisiifungue, nami sikuifungua. Mafuta yale yakiganda kwenye mkono wa shati la kazi hayatoki kwa sabuni ya kawaida. Shati nililiroweka kwenye maji ya moto mara tatu na sikuuliza kitu. Siku mbili baadaye ada ya muhula ikalipwa.

Nisaini? Nihame na watoto? Niende redioni niombe radhi? Mume wangu nampenda. Hajawahi kuninyooshea mkono, hajawahi kuwalaza watoto na njaa. Lakini nikifumba macho namwona yule kijana anavua koti.

Mke wa Koplo

*

Mwanangu, marahaba.

Usisaini. Usisaini leo, usisaini mama mkwe akilia, usisaini hata mumeo akikupigia magoti. Nalitanguliza hili kwa sababu karatasi iko mezani inakungoja, na mengine yote tutayazungumza ukiwa umeshaweka kalamu chini.

Karatasi hiyo ikifika mahakamani, ukaapa kwamba ni kweli, umetenda kosa la jinai, na safari hii ni kosa lako wewe, halina mume ndani yake. Wanaokuambia mama anayenyonyesha hafungwi wanakupoteza. Magereza yetu yana watoto wachanga walioingia migongoni mwa mama zao. Gereza la Luzira, upande wa wanawake, wametengewa hadi mahali pa kuwalelea. Ukisema magunia ni yako, utakuwa umejitia hatiani kwa mdomo wako, na mwanao anayenyonya utaingia naye.

Na hiyo miaka miwili mitatu ya kijana, nani aliyewahesabia? Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 ilipandisha adhabu juu sana. Kwa wanyama walio hatarini kutoweka inafika kifungo cha maisha, au faini ya shilingi bilioni 20, au vyote viwili. Mwaka 2020, gorila Rafiki alipouawa kule msitu wa Bwindi, aliyemuua alijitetea kwamba alikwenda kuwinda wanyama wadogo tu. Alipewa miaka 11. Oktoba 2022 mahakama ya kesi za wanyamapori iliyoko Kampala ilimfunga mtu maisha kwa vipande viwili vya pembe za ndovu ambavyo uzito wake haukufika hata kilo 10. Huyo alikuwa na hatia ya nyuma, na kiboko si ndovu, kila kesi ina uzito wake. Lakini asije mtu mbele yako akagawa miaka ya mtoto wa mwenzake kama anayegawa posho.

Tafuta wakili wako mwenyewe, asiwe wa mumeo wala wa shemeji. FIDA, chama cha wanasheria wanawake, husaidia wanawake wasio na uwezo bila malipo, na Chama cha Mawakili cha Uganda nacho kina mradi wa msaada wa kisheria. Kwa wakili huyo toa yote, friza, shati, ada, maneno ya shemeji na siku aliyoyasema. Ukimficha wakili ni sawa na kumficha daktari kidonda. Yeye ndiye atakayekuambia useme lini, wapi na kwa namna gani, maana mke wa mshtakiwa ana kanuni zake mahakamani. Mwulize pia kuhusu sheria ya mwaka 2010 ya kuwalinda watoa taarifa. Kwa sheria hiyo unaweza kupeleka unachokijua kwa Inspekta Mkuu wa Serikali, kwa Mkurugenzi wa Mashtaka au kwa Tume ya Haki za Binadamu, na jina lako likalindwa. Wewe unalala ukuta mmoja wa bati na wafanyakazi wenzake mumeo. Hulazimiki kwenda kusimulia haya kwenye meza ya rafiki yake.

Friza usiiguse. Usiiuze, usiioshe, usiihamishie kwa jirani, hata wakikuambia ni kwa usalama wako. Ila usiweke humo maziwa ya mtoto wala chakula chochote. Nakuambia hili kwa uchungu kwa sababu watu wanaodanganyana kwamba nyama ya kiboko ni dawa hawataji ugonjwa wa kimeta. Mwaka 2004 kimeta kiliua viboko wengi katika hifadhi hiyo hiyo, na mwaka 2010 kikaua tena zaidi ya 80. Vimelea vyake havifi kwa baridi. Kama kuna aliyekula au kushika nyama ile nyumbani, halafu ukaona kidonda kisichouma chenye gamba jeusi katikati, au homa na tumbo visivyoeleweka, kimbia hospitali umwambie daktari ukweli kabla hajauliza.

Sasa hasira za watu, kwa sababu naona ndizo zinazokulaza macho. Mimi nimekulia kambini. Baba yangu alikuwa mwanajeshi, na utoto wangu ni wa miaka ya Amin na michafuko iliyofuata baada ya 1979. Miaka ile mwenye bunduki ndiye aliyekuwa mwenye pori. Hifadhi hiyo mnayoishi kando yake ilikuwa na ndovu wapatao 4,000 katika miaka ya 1960. Kufikia 1980 walibaki kama 150. Vifaru walikwisha kabisa nchini, ikabidi mwaka 2005 tuanze upya kwa kuwaleta wengine kutoka Kenya, wakawekwa kwenye hifadhi ya vifaru iitwayo Ziwa, kule Nakasongola. Wazee wa vijijini wenye mikuki na mbwa waliwinda miaka yote hiyo, wala ndovu hawakuisha. Walianza kuisha risasi zilipoingia porini, nyingi zikitoka mikononi mwa watu waliovaa sare. Mzee mwenye umri wangu akisikia leo kwamba askari amekamatwa na nyama chini ya mkaa, haanzi kuhesabu na mumeo. Anaendeleza hesabu ya zamani.

Halafu mfikirie mtu wa Katunguru au Hamukungu, vijiji vilivyozungukwa na hifadhi. Usiku anasikia kiboko anang'oa majani nje ya dirisha lake. Ziwani anavua huku akichunga mtumbwi usije ukapinduliwa. Jirani zake walio mpakani wanakesha na madebe kulinda mihogo isiliwe na ndovu, asubuhi mtoto anakwenda shule amelala kwa saa mbili tu. Akimgusa mnyama anafungwa. Amekubali, mwanangu, na kukubali huko si kitu kidogo. Amekubali kwa sababu ameambiwa wanyama hawa ni wa nchi nzima, kwamba asilimia 20 ya ada ya kiingilio cha hifadhi inarudi kwenye kata zinazoizunguka, na darasa la mwanawe limejengwa kwa fedha hiyo. Na ameambiwa sheria ni moja. Kisha anamwona aliyemtia pingu jirani yake kwa swala mmoja, naye ana kiboko mzima ndani ya magunia, yuko nyumbani kwa dhamana, na aliyebaki rumande ni kijana wa bodaboda. Ungekuwa wewe ungefunika karai? Mimi ningefunika.

Kwa hiyo usimchukie yule mama. Nenda kwake siku ambayo huna haja ya samaki, asubuhi kabla wateja hawajajaa. Msalimie, umwambie umekuja kumsalimia. Kesi usiitaje, machozi yazuie ukiweza. Asipoitika, rudi wiki ijayo.

Hapa nina neno na ninyi mnaonisoma, hasa mlioita redioni mkitaka achomwe. Nyumba ile ina watoto watatu. Zaidi ya hilo, magunia sita hayaliwi na familia moja. Yalikuwa yanakwenda kwa mnunuzi, gari lina mwenyewe, na kuna mtu aliyefumba macho njiani siku zilizotangulia. Anayeyajua majina hayo ni mtuhumiwa. Mkimtia tairi shingoni mnawachomea wenzake ushahidi, na wao watakuwa wa kwanza kuwashukuru. Yule mama aliyesema ametolewa kafara huenda anajua anachosema, na kama ni hivyo basi tumtake afike mbele ya hakimu akiwa hai na mdomo wazi. Halafu kuna askari wengi wa wanyamapori waliokufa wakipigana na majangili porini. Hao nao wamevaa sare. Mjane wa mmoja wao akisikia askari wote wakiitwa wezi, anaumia kwa njia ambayo hamkuikusudia.

Nirudi kwako. Mumeo mwambie mkiwa wawili, mchana, mama yake akiwa hayupo. Mwambie, "Baba Isa, sitasaini, na sitasema uongo juu ya yule mtoto." Sentensi moja inatosha. Kisha nyamaza umwache atazame sakafu anavyotaka. Mtu anayekaa kimya mkewe na kijana wa watu wakipangiwa jela bado hajaamua, na mimi natumaini kimya chake ni aibu, maana aibu ina mlango wa kutokea. Akikuuliza afanye nini, mwambie aende kwa wakili wake akaseme nani alimtuma kijana kutangulia na bodaboda. Akikiri kosa lake, hakimu huliweka hilo kwenye mizani anapopima adhabu. Kazi ataipoteza, hilo msidanganyane.

Kumpenda hukatazwi. Utampelekea chakula akifungwa, utawaleta watoto wamwone. Mimi sitakuambia umwache mtu ambaye hajakunyooshea mkono. Lakini shemeji akianza vitisho, au ukiona mlango unafungwa kwa nje, chukua watoto siku hiyo hiyo uende kwa mama yako, na upite kwa mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, umwachie habari.

Redioni usiende. Kesi iko mahakamani, na maneno ya mke aliyelia hewani yatakatwa vipande na kila upande.

Shati na ada ndivyo vinavyokuuma, nimeviona. Ulijua nusu ukachagua kutojua nusu ya pili. Sitakuondolea hilo kwa maneno matamu, kwa sababu wewe mwenyewe hukutaka maneno matamu, ulikuja na shati mkononi. Lakini tofauti ya mwanamke aliyenyamaza jana na yule atakayesaini uongo kesho ni kubwa, na bado uko upande wa jana.

Isa amekwisha kusikia kila kitu, na cha shuleni ni kibaya kuliko ukweli. Mkalishe umwambie baba yake anashtakiwa kwa kuchukua mnyama wa hifadhi, kwamba ni kosa, kwamba mahakama itaamua, na kwamba yeye Isa hakufanya kitu. Usimwambie baba amesingiziwa. Huyu ndiye aliyepiga saluti siku ile alipokamatwa mtoto wa yule mzee, na siku moja ataikumbuka. Akiuliza kama baba bado ni mtu mzuri, mwambie baba anampenda na amefanya jambo baya. Watoto hulibeba hilo vizuri kuliko sisi. Mwalimu wa darasa naye umwone, umtajie jina wanalomwita.

Limebaki la mama yake yule kijana. Wakili wako akikuruhusu, nenda kwake. Kuhusu kesi usiahidi kitu, na fedha za mumeo usimpelekee hata shilingi, zitaonekana ni za kumnyamazisha. Lile koti lililo kwenye msumari lifue, ulikaushe juani, ulikunje, umpelekee pamoja na miche miwili ya sabuni. Rumande sabuni huisha upesi, na siku za kuwaona mahabusu anazijua yeye.

Shangazi